Bega la Madame X: shajara ya nakala moja ya rangi za mafuta

9 Januari

Nimeanza. Nimeogopa kazi hii mwaka mzima, na leo nimeagiza fremu ili nisipate tena pa kujificha.

Ninanakili picha ya mchoraji Mmarekani John Singer Sargent inayojulikana kwa jina la Madame X. Aliichora Ufaransa kati ya 1883 na 1884, na sasa iko kwenye jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Mwanamke amesimama peke yake, gauni jeusi, mabega wazi, mkono wa kulia umeegemea meza ndogo ya mviringo, uso ameugeuza kabisa pembeni kama asiyetaka kujua nani anamtazama. Nyweleni ana hilali ndogo, alama ya Diana, mungu wa uwindaji wa Warumi wa kale. Shingoni hana kitu, wala masikioni. Ngozi yenyewe ndiyo pambo, na ni nyeupe isiyofanana na weupe wa mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Ngozi hiyo ndiyo iliyonivuta. Kwa miaka tisa nimechora kwa rangi za makopo juu ya hadibodi, chui na ndege na mibuyu, na nimepata riziki yangu humo. Rangi ya kopo hukauka haraka na hulala bapa: nyekundu ni nyekundu, inaishia pale inapoanza nyeusi. Ina uzuri wake, na siuachi. Lakini sijawahi kuchora shavu linalogeuka polepole kutoka mwangani kwenda kivulini, na natamani mkono wangu ujue kufanya hivyo kabla sijazeeka.

Picha halisi ni sentimita 208.6 kwa 109.9. Chumba changu hapa Tanga hakina ukuta wa kuibeba. Nitafanya nusu: 104 kwa 55.

14 Januari

Fremu imekuja. Fundi seremala alitaka kunifanyia ya mninga, nikamzuia. Mninga ungekuwa mzito na fedha ingekwisha kabla ya rangi. Ametumia msonobari, na nyuma ameweka mti wa kukatiza ili isijipinde.

Kanvasi ya kununua imenishinda bei, hivyo nimechukua marikani nzito, nikaiosha mara mbili ili imalize kusinyaa, nikaivuta nikianzia katikati ya kila upande na kwenda pembeni. Nimepaka gundi nyeupe iliyozimuliwa, kisha praima mara tatu, nikipiga msasa kila ikikauka. Ukiigonga kwa kidole sasa inalia kama ngoma ndogo.

Nilipokuwa nikipiga msasa nilifikiria jina la kitambaa hiki. Marikani ni Marekani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Salem, bandari ya Marekani, walikuwa wakikileta Unguja kwa meli, kimefumwa kwenye viwanda vya Massachusetts, na viwanda hivyo vilikula pamba ya Kusini iliyolimwa na watumwa. Mwanamke nitakayemchora juu yake alizaliwa New Orleans mwaka 1859, bandari iliyotajirika kwa pamba hiyohiyo. Jamaa za mama yake walikuwa na shamba kubwa la Parlange huko Louisiana, nalo lililimwa na watumwa. Baba yake alipigana upande wa Kusini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, akafa kwenye mapigano ya Shiloh mwaka 1862. Mjane akamchukua binti yake, wakahamia Paris mwaka 1867. Urembo wa Paris ulilipiwa na jasho la watu ambao hakuna aliyewachora. Nimeona niliandike hapa mapema, kwa sababu nitakapoingia kwenye rangi nitazama na nitasahau.

20 Januari

Metropolitan wanaruhusu mtu yeyote kupakua picha yao kwa ukubwa mzuri bila malipo. Nimeichapisha kwenye duka la mabango kwa kipimo kilekile cha kanvasi yangu. Chapa imetoka ya manjano, kwenye simu ni ya buluu kidogo, kwenye kompyuta ya rafiki ni ya waridi. Zote haziwezi kuwa kweli. Nimeamua hivi: chapa itanipa michoro na mipaka, skrini itanipa rangi, na nitazilinganisha asubuhi tu, dirisha la kaskazini likiwa wazi.

27 Januari

Siku saba za penseli. Nimegawa kanvasi kwa miraba ya sentimita 5, 11 kwa upana na karibu 21 kwa urefu. Mwili umekuja kwa siku mbili. Uso umekula tano zilizobaki.

Uso wa kutazama pembeni una mstari mmoja tu: paji, pua, mdomo, kidevu. Ukikosea upana wa uzi mmoja, anakuwa mtu mwingine. Kwenye kanvasi yangu kichwa chote ni kidogo kuliko kiganja changu, na ncha ya pua yake ni kali, imeinuka kidogo. Nimeufuta mpaka praima ikaanza kuchubuka. Nilijifariji niliposoma kwamba hata Sargent aliurudia mstari huo wa uso. Wataalamu wa Metropolitan walioichunguza picha kwa mionzi wameona jinsi alivyokuwa akibadilisha mipaka yake. Kiangazi cha 1883 Sargent alikaa na mwanamke huyo na familia yake kwenye nyumba yao ya Les Chênes, Brittany, Ufaransa, akimchora amekaa, amesimama, amejilaza kwenye kiti, kwa penseli na kwa rangi ya maji. Aliandika barua akilalamikia uzuri usiochoreka wa bibi huyo, na uvivu wake usio na tiba.

Mimi uvivu siuoni. Jana nilimwomba mdogo wangu asimame vile: mkono wa kulia nyuma kidogo, kiganja kimegeuka na vidole vimeshika ukingo wa meza, kifua mbele, kichwa pembeni kabisa. Dakika nne tu akaniambia, "Dada, bega linawaka moto." Ukiutazama mkono ule kwenye picha unaonekana umetulia, lakini ndani ya kiwiko kuna msokoto. Baada ya kumwona mdogo wangu anatetemeka ndipo nikaona kano pale ambapo zamani nilikuwa naona mviringo tu. Nimeuchora upya wote.

3 Februari

Rangi zimefika kwa basi kutoka Nairobi, tyubu sita, zimefungwa ndani ya fulana kuukuu.

Inajulikana Sargent alitumia nini kwa ngozi ile: nyeupe ya risasi, nyekundu ya mizizi ya mmea wa madda, vermilioni (nyekundu kali), viridiani (kijani) na nyeusi ya mifupa. Rangi tano. Nyeupe ya risasi ni sumu na vermilioni imetengenezwa kwa zebaki, nami napika na kulala chumba cha jirani na hiki, kwa hiyo nimebadilisha. Nyeupe yangu ni ya titani, ambayo Sargent kijana hakuwa nayo kwa sababu ilikuja madukani karne ya 20. Badala ya vermilioni nina nyekundu ya kadimiamu, badala ya madda nina waridi ya kisasa isiyopauka kwa jua. Viridiani na nyeusi ya mifupa zipo zilezile. Tyubu ya sita ni kahawia, kwa ajili ya meza na ukuta.

Viridiani ndiyo iliyonishangaza. Kijani kwenye ngozi ya mtu! Leo nimechanganya nyeupe na waridi kidogo, ikawa rangi ya peremende. Nikaongeza viridiani kwa ncha ya kisu, ikapoa papo hapo, ikawa ngozi. Nikaongeza nyeusi chembe moja, ikageuka zambarau iliyofifia. Nilikaa nikiitazama paleti mpaka adhana ya magharibi.

11 Februari

Ngozi, siku ya nane. Naandika kwa urefu kwa sababu nimekosea sana, na mwenzangu atakayejaribu asirudie.

Kosa langu ni mazoea ya kopo: nilianza na mwanga mkali, nikaweka kivuli kando yake, kisha nikajaribu kuviunganisha kwa brashi. Ikawa tope. Sargent alifundishwa na Carolus-Duran, na mwalimu huyo aliwafundisha wanafunzi wake kwa mfano wa Velázquez, mchoraji wa Hispania wa karne ya 17: tafuta kwanza rangi ya kati, ile isiyo mwanga wala kivuli, uiweke kwa eneo lote, kisha panda kwenye mwanga na ushuke kwenye kivuli, kila mguso mahali pake, bila kulamba. Nilikwangua kifua chote kwa kisu, nikaanza upya hivyo. Rangi ya kati nimeichanganya nyingi ndani ya kikombe na kuifunika kwa nailoni, isikauke.

Halafu nikagundua kwamba kwa mwanamke huyu kivuli karibu hakipo. Uso, shingo, kifua, mikono, vyote ni toni moja iliyopauka, na umbo linatokea kwa tofauti ndogo mno. Hiyo haikuwa ngozi ya kuzaliwa. Alikuwa akijipaka poda, na Sargent alimuuliza rafiki yake kwa barua kama anachukizwa na watu waliojipodoa mpaka wakawa rangi moja ya lavenda mwili mzima. Sikio tu ndilo lililoachwa wazi. Ni jekundu, karibu kama kidonda, na kando ya weupe ule linakushtua. Nywele zake alizitia hina.

Mama mdogo alikuja mchana na chungwa na maneno. Aliposikia habari ya poda akacheka kwa furaha. "Huyo kajisinga!" Akanikumbusha jinsi bibi alivyokuwa akisaga liwa juu ya jiwe kwa marashi, akajipaka usoni kabla ya harusi, na uso ukawa mmoja tu, umetulia, huoni kunyanzi. Akakaa mbele ya kanvasi muda mrefu, kisha akasema shingo yangu ina joto sana kuliko uso. Mtu aliyejisinga vizuri haachi shingo. Alikuwa sahihi. Nimepoza shingo kwa viridiani, na kwa mara ya kwanza kichwa kimekaa juu ya mwili wake.

25 Februari

Ukuta wa nyuma. Nilidhani ni siku moja.

Kahawia yangu ilikuwa nzito, na mwili ukabaki kama karatasi iliyobandikwa. Sargent alipita hapohapo. Aliandika kwamba siku moja hakuridhika, akapiga toni ya waridi nyepesi juu ya ukuta uliokuwa na giza, akaigeuza picha kichwa chini, akaenda mwisho wa chumba na kuitazama kupitia chini ya kwapa lake. Akaona imepona. Nami nimeigeuza. Picha ikiwa kichwa chini huoni mtu, unaona maumbo: umbo jeusi, umbo jeupe, umbo la kahawia. Nikaona kwamba ukingo wa bega nimeukata kwa wembe kila mahali. Nikaulainisha pale bega linaporudi nyuma, nikauacha mkali kwenye pua na paji. Waridi nikaichanganya na kahawia, nikaipaka kwa kitambaa.

8 Machi

Gauni limepasuka.

Nyeusi ya mifupa hukauka taratibu sana. Nililijua hilo kwa kusoma, mkono ulikuwa haujajua. Tabaka la kwanza la sketi nililiweka na mafuta mengi ya kitani kwa sababu nilipenda linavyong'aa, na siku tano baadaye nikaweka juu yake tabaka jembamba la tapentaini. La juu likakauka, la chini bado linatembea. Sasa kuna nyufa kama matope ya kiangazi kuanzia nyonga hadi goti. Kanuni ni ya zamani na inajulikana: la chini likose mafuta, la juu lipate. Nimekwangua nusu ya sketi.

Wakati wa kusubiri nilikwenda kwa fundi cherehani anayeshona magauni ya harusi mtaani kwetu, nikamwonyesha picha. Nilitaka aniambie ni vitambaa gani. Akaniambia juu ni mahameli na chini ni satini, kwa sababu juu mwanga unamezwa na chini unateleza. Hilo limenisaidia zaidi ya kitabu. Nimepaka kifua kwa nyeusi iliyokosa mafuta na sketi kwa nyeusi yenye buluu kwenye mikunjo. Kisha akagusa mabega kwenye skrini. "Hii mikanda haibebi kitu," akasema. "Gauni limebanwa kiunoni na mifupa ndani. Ukikata mikanda yote miwili halishuki."

Neno hilo nimelala nalo.

21 Machi

Sasa nifike kwenye mkanda, maana nimebaki nao.

Mikanda ya gauni ni myembamba, ya vito, inang'aa kama mnyororo. Katika picha ya leo yote miwili iko begani. Haikuwa hivyo mwanzo. Maonyesho makubwa ya Paris, Saloni, yalipofunguliwa Mei 1884, mkanda wa kulia ulikuwa umeteleza, umelala juu ya mkono. Orodha ilimwita Mme na nyota tatu, kwa heshima ya kumficha, lakini Paris nzima ilimjua: mke wa Pierre Gautreau, tajiri wa benki, bibi ambaye magazeti yaliandika kila alipoingia kwenye dhifa. Watu wakasimama mbele ya picha wakicheka na kushutumu. Mama yake alimwendea Sargent akilia kwamba binti yake amepotea, akataka picha iondolewe. Sargent akakataa, akasema amemchora kama alivyovaa. Baada ya maonyesho kwisha akaurudisha mkanda begani kwa brashi. Miaka miwili baadaye alikuwa amehamia London.

Picha iliyopigwa kwa kamera kabla ya mabadiliko ipo, na jumba la sanaa la Tate la London wana nakala ambayo Sargent hakuimaliza, karibu sawa kwa ukubwa, ambamo bega moja halina mkanda kabisa.

Mwaka 1891 mchoraji mwingine, Gustave Courtois, alimchora mwanamke huyuhuyu. Gauni jeupe safari hii, uso pembeni vilevile, na mkanda umeanguka begani. Iko kwenye jumba la makumbusho la Musée d'Orsay, Paris. Hakuna aliyepiga kelele. Kwa hiyo sikubali tena hadithi ya kwamba mkanda ndio uliowaudhi. Naamini waliudhiwa na alivyowageuzia uso. Mwanamke wa kigeni, aliyeolewa (pete inaonekana kidoleni), amejipodoa bila kuficha kwamba amejipodoa, haombi radhi, hatabasamu, na mchoraji mgeni kama yeye ameyasema yote hayo wazi ukutani. Alikuwa na miaka 25. Sargent 28.

2 Aprili

Masika imeingia. Ukuta unatoa jasho. Rangi niliyoweka tarehe 23 bado inashika kidole. Nimeihamishia picha jikoni kwa siku, mbali na moshi, karibu na joto.

Bega la kulia bado liko tupu. Nililichora ngozi yote kwanza, kama inavyopasa, nia ikiwa kuweka mkanda juu yake. Kila anayeingia analiona. Mdogo wangu anasema niweke mkanda kama wa New York, wateja watatambua picha. Mama mdogo, ambaye nilimtegemea kuwa mkali, alisema tu: "Wewe unanakili picha au unanakili radhi?" Kisha akaomba chai.

19 Aprili

Leo asubuhi kulikuwa na jua kwa saa tatu, nikaumaliza mkanda. Umeanguka. Nimefuata ile picha ya kamera ya 1884: unatoka kifuani, unapita nje ya bega, unalala juu ya mkono. Nyeupe, manjano chembe iliyotoka kwa rafiki mchoraji, na nyeusi kati ya kito na kito. Miguso 19, nimeihesabu, brashi nyembamba kuliko zote, pumzi nimeishika. Na ulipokaa, mkono ule wa kusokotwa ukaeleweka: bega limesukumwa mbele, mkanda ungekaaje? Umeanguka kwa sababu ya mkao. Kwenye picha ya New York bega hilo lina kitu kilicholazimishwa, na nilikuwa nimeliona hilo tangu Januari bila kujua ni nini.

Kasoro zinabaki. Kidevu kimekuwa kizito kidogo. Ncha za vidole vya mkono wa kulia, pale vinaposhika meza, bado ni vya mchoraji wa chui. Nyeupe ya titani ni baridi na bapa kuliko nilivyotaka, na paji la uso linang'aa kama kigae. Sitaligusa tena, nikiligusa nitapoteza pua. Vanishi itasubiri angalau miezi sita.

Sargent alikaa na picha hii kwake zaidi ya miaka 30. Bibi mwenyewe alifariki 1915. Mwaka uliofuata Sargent akaiuza Metropolitan kwa pauni 1,000, akawaandikia kwamba anadhani ndiyo kazi yake bora kuliko zote, na akaomba jina la mwanamke lisitajwe. Ndipo akawa Madame X.

Jioni nimeigeuza kanvasi ikitazama ukuta, nikachukua penseli nzito. Nyuma, juu ya marikani, chini ya ule mti wa kukatiza, nimeandika: *Virginie Amélie Avegno Gautreau, 1859–1915.* Chini yake nikaandika tarehe ya leo na jina langu.

Penseli ilikuwa ikikwama kwenye nyuzi, herufi zimetoka kubwa kuliko nilivyokusudia.